Mgeni Aliyeketi Nyuma ya Darasa Lako

Mpendwa Mama,

Ungekuwepo ungekuwa umeshauliza ni nani amenituma nikuandikie, na anataka nini. Hakuna aliyenituma. Ni jambo limenikaa rohoni, na simjui mwingine ambaye angelishuku ipasavyo.

Unakumbuka semina zilivyoanza? Ulikuwa ukifundisha darasa la nne pale Sarang'ombe, katika ile shule ya mabati, bila cheti cha ualimu, kama walimu wengi wa Kibera miaka ile. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzijuzi, na meneja wa shule akanipa darasa la pili, upande wa pili wa ukuta wako wa mbao. Ndipo tukaambiwa kila Jumamosi twende Kawangware, kwenye ukumbi wa kanisa, tukajifunze njia mpya za kufundisha. Ulinikazia macho. "Mbona saa hii? Na mbona bure?" Siasa za vyama vingi ndio zilikuwa zimeanza, na kwako kila mgeni mwenye faili kwapani alikuwa kachero.

Tulikata Ngong Road kwa miguu, wewe mbele, ukinionya nisitamke neno cheti mbele ya mtu. Ukumbini walitupa chai na mandazi. Chai ulikunywa. Mandazi uliyageuza geuza kwanza kana kwamba yameandikwa kitu kwa chini. "Wanatuchuja hawa," ulininong'oneza. "Wanataka kujua nani hana karatasi." Sikubisha. Kodi na unga vyote vilitoka kwenye chaki yako, na tangu Baba atuache hapakuwa na chaki nyingine ya kutulisha, kwani mimi nilikuwa bado nafundisha bila mshahara.

Lakini semina zilikuwa nzuri, Mama, lazima nikiri. Mkufunzi wetu, Madam Zainabu, mama mpole mzaliwa wa Makina, humo humo Kibera, alituambia tuache kuuliza "Tumeelewana?" halafu turidhike darasa zima likiimba "Ndiyo, mwalimu!" Alisema mtoto huimba ndiyo hata akiwa hajashika kitu. Hilo lilikufurahisha, nilikuona ukitabasamu kabla hujajikumbuka. Kutoamini ndiyo ya mtu ilikuwa kazi yako tangu nikujue.

Kisha akatangaza kwamba angetembelea madarasa yetu, akae nyuma, aangalie tu. "Aangalie tu!" ulirudia njia nzima mpaka nyumbani.

Wiki hiyo ukawapa watoto ujanja. Mgeni akiuliza swali, wote wanyooshe mikono. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto, nawe utachagua wa kulia. Nilisikia mazoezi kupitia ukutani nikacheka hadi darasa langu likacheka nami. "Wewe cheka tu," uliniambia jioni. "Nikifutwa, utapika hiyo kicheko tule."

Siku ilipofika nilichungulia kwenye ufa wa mbao. Somo lilikwenda vizuri, mikono kama msitu, majibu sahihi tupu. Halafu Zainabu akasimama kule nyuma, akaomba ruhusa aulize swali moja. Theluthi na robo, kubwa ni gani? Mikono yote juu. Hakukusubiri uchague. Akamtaja Awino, yule msichana asiyejua kusema uongo.

"Lakini madam, mimi nimeweka ya kushoto."

"Ya kushoto ni ya nini?"

"Ni ya wenye hawajui."

Ulisimama na chaki mkononi. Nilitamani kuvunja ule ukuta nikukumbatie. Zainabu hakucheka. Aliangalia mikono ya kushoto, na ilikuwa mingi, Mama, mingi sana. "Mwalimu," akasema, "sasa unajua ni nani wa kufundisha. Endelea." Ukaendelea. Ulichora chapati ubaoni, ukaikata vipande vitatu, ukachora nyingine ukaikata vipande vinne, na ukaanza na Awino. Sijawahi kukusikia ukifundisha vizuri vile.

Jumamosi alikuomba uwasimulie walimu wengine kuhusu mkono wa kushoto. Uliona mtego. "Anataka nikiri mbele ya mashahidi," ulisema, na ukabaki umeketi. Akaisimulia hadithi hiyo mwenyewe bila kukutaja. Walicheka, kisha wakaichukua mbinu hiyo, wakaenda nayo kwenye shule zao.

Muhula ulipoisha meneja alikuita, akakwambia upumzike kidogo, shule imepata wafadhili na wafadhili wanataka karatasi. Darasa lako akanipa mimi, kwa sababu mimi angalau nilikuwa na ile ya kidato cha nne. Nilikuja nyumbani nikilia. Ulikuwa ukichagua sukuma wiki, hukuinua kichwa. "Chukua," ulisema. "Tukule." Na mpaka tunakuzika uliamini ni Zainabu aliyekuuza.

Mwezi uliopita Zainabu alikuja kunitafuta. Anataka nijiunge na watu wa semina, niwe mkufunzi, nitembelee madarasa. Sikumkaribisha hata kiti kabla ya kumuuliza, "Ulimwambia nini meneja kuhusu mama yangu?" Alishangaa. "Nilimsifu," akasema. "Nilimwambia ndiye mwalimu bora niliyemwona Kibera." Nilimtazama kwa jicho lako, nikitafuta uongo. Sikuuona, na hilo halikunituliza. Ninamjua meneja yule. Mtu akisifiwa mbele yake, jambo la kwanza analouliza ni nani huyo, na ana cheti gani. Huenda ni sifa ndiyo iliyokufukuza. Huenda pia ananidanganya. Nimekasirika naye na sijui ni kwa kosa lipi.

Nimekubali kazi hiyo. Usinikodolee macho. Jumatatu naanza Kawangware, kwa mwalimu wa umri wako wa wakati ule, asiye na cheti. Najua amewafanyisha watoto mazoezi wiki nzima, na bintiye, kama anaye, anamcheka. Nitakaa nyuma. Nikiona kitu cha kumsaidia, nitamwambia yeye, tukiwa wawili, mlango umefungwa. Nikitoka, meneja wake atanisubiri nje kwa tabasamu, aniulize nimemwonaje.

Nitamwambia sikuona kitu.

Pumzika, Mama. Kushuku watu niachie mimi sasa.

Ni mimi,
binti yako