Jina Katika Mstari wa Tatu

Mahongole, Makambako
Jumatatu

Mdogo wangu Amon,

Huku tupo, baridi ya Juni ndiyo inatunyoosha. Viazi tumeshavuna, na miparachichi yako miwili imetoa maua.

Ile video ya mazoezi tuliiona jana baada ya ibada. Mashine zako za muziki sizielewi, ila nilijisikia vizuri kujua kwamba Jumamosi utapanda jukwaani kwenye kituo cha sanaa huko Dar. Bibi naye alikuwa anatabasamu, mpaka ulipofika mstari wa tatu wa wimbo wake.

Amon, siku bibi anakuimbia ule wimbo wa Kibena ukaurekodi, mstari wa tatu aliuimba amefumba mdomo. Hakuwa amesahau maneno. Ule ni wimbo wa msibani, na pale hutajwa jina la anayezikwa. Wewe umeweka "Esnath", jina la bibi mwenyewe, ukidhani unamheshimu.

Hakukasirika. Aliniuliza tu kama ni Jumamosi asubuhi au jioni, maana anataka kwanza amalize kupukuchua mahindi. Leo amefua kitenge chake cha kanisani, na kuku wake wote amempa jirani. Nilipomwambia nakuandikia ulitoe hilo jina, akasema, "Mwache, ameshaalika watu."

Simu yako haipatikani tangu jana, ndiyo maana barua hii nampa kondakta wa basi. Ukifika mstari ule, fumba mdomo kama alivyofumba yeye.

Mahindi yamebaki debe moja.

Dada yako,
Nelly