Redio Inayopiga Honi

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo kiafya. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Tangu tumzike Mama simu yako haipatikani, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi akuletee hadi mlangoni. Jirani ananiambia karakana umeifunga na wewe mwenyewe hutoki hata uani. Baba, nakuhofia. Njoo ukae kwangu kidogo.

Jingine: abiria wanalalamika kwamba teksi yangu ina ukimya wa chumba cha mtihani. Nimenunua redio, nitaifunga mwenyewe. Mtoto wa fundi umeme wa magari nitashindwaje?

Mwanao,
Kitindamimba

7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo tu. Habari za safari ziache, sina hamu ya kwenda popote.

Ila hiyo redio, kabla hujagusa chochote chomoa waya wa betri. Nyaya za zamani usizikate, unisubiri nikueleze rangi. Naandika haya kwa sababu nakujua.

Baba yako

10 Machi

Baba,

Shikamoo. Umeamkaje? Barua yako imenikuta nimeshakata, tena kwa mkasi wa jikoni, na waya wa betri ukiwa mahali pake. Cheche ilitoka, nikaruka nikagonga kichwa kwenye paa. Nikaunganisha nyaya kwa kufananisha rangi, nikazifunga kwa plasta ya kidonda maana ndiyo niliyokuwa nayo.

Redio inaimba vizuri sana. Shida ni kwamba nikikanyaga breki inanyamaza, na nikiongeza sauti gari linapiga honi. Jana nimempigia honi trafiki, akaja amevimba. Nilipomwonyesha inavyofanya alicheka mpaka akashika boneti, akaniachia. Spika ya mlangoni nayo imekaa sawa, isipokuwa kioo sasa hakishuki.

Asante kwa maelekezo, hata kama yamechelewa. Nimeyasoma kwa sauti, nikasikia kama upo hapa.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Plasta ya kidonda! Nimecheka peke yangu sebuleni mpaka jirani akaja kugonga, akidhani nimepatwa na jambo.

Sikiliza. Fyuzi ikiungua, weka fyuzi nyingine, usiweke kitu kingine chochote. Kuungua ndiyo kazi yake, ili gari lisiungue.

Baba yako

17 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole na upweke. Kuhusu fyuzi, umechelewa tena. Niliweka karatasi ya kung'aa ya chokoleti.

Moshi umetoka chini ya dashibodi nikiwa na abiria, bibi mmoja mwenye fimbo. Alitoka mbio, fimbo akaiacha. Mimi nilikimbilia betri, nikachomoa waya kama ulivyoniandikia mara ya kwanza, moshi ukakatika. Nisingesoma barua ile, leo nisingekuwa na gari. Mungu akuweke, Baba.

Sasa haliwaki, na mafundi wa hapa wanataka kung'oa dashibodi nzima. Sitaki waliguse. Sikulazimishi tena kuja, najua moyo wako ulivyo. Niandikie tu nianzie wapi.

Mwanao

19 Machi

Usiguse kitu. Nakuja na basi la asubuhi.

Baba

2 Aprili

Mwanangu Kitindamimba,

Hujambo? Mimi nimefika salama, sijambo kabisa. Asante kwa kitanda chako ulichoniachia, na kwa kunishikia tochi bila kulalamika, ingawa muda mwingi ulinimulika machoni.

Jirani anasema uliharibu makusudi ili nije. Nimemwambia hajaziona zile nyaya. Hakuna mtu anayeweza kuharibu vile kwa kukusudia. Nilipokuwa nimelala chini ya dashibodi nikibandua plasta zako, nilishtuka kuona kwamba tangu asubuhi nilikuwa napiga mluzi.

Tangu mama yako aondoke sikuwa nimelia. Nilikuwa nangoja tu siku ziishe. Kwenye basi la kurudi ndipo nikalia, njia nzima, bila kujificha. Abiria wa pembeni alinipa leso yake na mimi nikashuka nayo kwa kusahau. Leo nimeamka nimefungua karakana, na kuna gari la mteja ndani.

Asante, mwanangu, kwa kuliharibu gari lile. Niandikie upesi, lakini taa za mbele usiziguse mpaka nikujibu.

Baba yako akupendaye