Shangazi Foibe Hakubofya

Jumatano, Nkuhungu, Dodoma. Upepo unavuma tangu alfajiri, vumbi limeingia hadi kwenye sufuria yenye mfuniko. Sijala kitu kabisa.

Nianze na aibu yenyewe, maana nikizungukazunguka sitaiandika. Jana nilimrushia kijembe shangazi yangu mbele ya ukoo mzima.

Wanaosoma blogu hii wanaijua kazi yangu. Kuna kampuni ya Dar inauza mashine za kutotolea vifaranga, nami ni wakala wake wa mtandaoni. Wamenipa linki yangu. Mtu akiibofya na kununua palepale, mfumo unaandika kwamba nimemleta mimi, napata kamisheni. Wakala asiye na mauzo miezi mitatu mfululizo anaondolewa. Mwezi wangu wa tatu unaisha Ijumaa hii.

Ndiyo maana Jumatatu, Shangazi Foibe aliponipigia kutoka Kibakwe kunishukuru kwamba mashine imefika salama kwa basi, nilirukaruka chumbani peke yangu. Alipokata tu, nikafungua ukurasa wangu.

Mauzo: sifuri.

Nikazima simu, nikawasha. Sifuri. Jana asubuhi, sifuri. Hapo nikaanza kupiga hesabu za kishetani. Binamu yangu Chiku, aliyeko Mpwapwa, naye ni wakala wa kampuni hiyohiyo. Kwa hiyo shangazi kanunua kwa Chiku, halafu ananishukuru mimi kwa ile sauti yake ya kanisani? Mimi hofu ikinishika huwa sifikiri, naandika. Nikaingia kwenye grupu la ukoo, bila hata kuwasalimu wakubwa, nikaandika: "Wengine wanatushukuru kwa mdomo, mkono wanampa mwingine. Tunaona."

Ulimi hauna mfupa, na vidole ndiyo kabisa.

Baadaye kidogo yakatokea yale maandishi madogo ya kijivu: Foibe ameondoka kwenye grupu.

Leo mchana mama kanipigia. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Umemtukana wifi yangu," alisema. "Unajua hiyo mashine aliinunuaje?"

Nilikuwa sijui. Sasa najua. Shangazi alifungua linki yangu, akaangalia picha, akaridhika. Ila hakubofya pa kununulia, kwa sababu shangazi hampi pesa mtu ambaye hajasalimiana naye. Akashuka hadi chini ya ukurasa, akaona namba ya simu, akapiga. Akamuuliza dada wa huduma kwa wateja habari za nyumbani, za watoto, za joto la Dar. Ndipo akaagiza. Na alipoulizwa habari za mashine amezipata wapi, alinitaja mimi. Jina langu, la baba, la babu, kwamba nilikaa kwake miaka miwili mama alipokuwa anaumwa, kwamba nilikuwa siogopi kuingia bandani hata jogoo awe mkali namna gani.

Nilimwandikia yule kaka wa kampuni anayeshughulika na mawakala. Alijibu upesi: "Mauzo ya simu hayaingii kwako dada, mfumo unaona linki tu. Pole."

Basi nikaanza kuwakumbuka wengine. Mwalimu mmoja wa Bahi aliniapia kwamba kaagiza, nikamwona mwongo. Kumbe labda alibofya kwenye simu yake, akaja kulipia kwenye kompyuta ya shule. Kuna mama wa Mtera aliyelipiga picha tangazo langu na kumtumia mwenzake picha hiyo badala ya linki. Wote wawili niliwanunia. Sijui wangapi nimewanunia bila kosa.

Ijumaa wataniondoa. Naogopa, sitasema uongo, kodi ya chumba haisubiri. Lakini si hilo linaloniuma leo. Naogopa nimempoteza shangazi.

Saa kumi na moja jioni nikapiga. Akapokea.

"Shikamoo shangazi."

Nilisikia kuku wake, nikasikia na upepo wa huko. Tangu nijue kusema, sijawahi kumpa shikamoo yule mama isirudi.

"Haya mayai," akasema mwishowe, "yanageuzwa mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi, mchana na jioni, shangazi. Zile siku tatu za mwisho usiyaguse."

"Haya."

Akakata.

Nilikuwa nimeandaa samahani ndefu, yenye machozi na kila kitu. Imebaki mdomoni. Nimekaa hapa kitandani nikijiambia kwamba karatasi ya maelekezo imo ndani ya boksi, imeandikwa kwa Kiswahili, na macho ya shangazi hayana tatizo lolote, bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Angeweza kusoma. Kaniuliza mimi. Najishikiza hapo. Halafu nakumbuka kwamba marahaba haikuja, hofu inaanza upya.

Jumamosi nakwenda Kibakwe. Nitasimama mlangoni kwake na kusema shikamoo tena, safari hii kabla ya neno lingine lolote. Asipoitika, nitapitiliza hadi kwenye mashine nimgeuzie mayai ya mchana.

Vifaranga huchukua siku ishirini na moja. Marahaba huchukua ngapi?