Ugali wa Shemeji na Mashine ya Saa

Jumanne, 28 Novemba 2017. Louisville

Taarifa rasmi kwa umma, umma wenyewe ukiwa mimi: kikombe changu cha chai kimepatikana. Kilikuwa chini ya kiti cha lori, sukari imeganda ndani. Sherehe zimefutwa kwa sababu ya baridi.

Leo nimepanga mizigo. Unga wa muhogo, mawese, samaki wa kukausha, vitenge. Safari ni ile ile ya kila Jumamosi: natoka hapa mtaa wa Iroquois, nashusha duka la Reynoldsburg njiani, kisha duka la Josué kule Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo, New York. Lori moja, dereva mmoja, mwenye kampuni mmoja. Wote watatu tunaumwa mgongo.

Tarehe 18 Desemba sheria mpya inaanza. Sisi wa malori tunatakiwa kufunga mashine inayoungwa na injini na inayoandika saa zetu yenyewe. Daftari na kalamu basi. Habari hii niliisikia miaka miwili iliyopita. Nikajiandaa kwa kutoifikiria.

Jumatano, 29 Novemba

Mashine imefungwa. Ndogo kama kipande cha sabuni. Fundi alinieleza mara mbili, polepole, kama anaongea na mgonjwa. Siku ya kazi ikianza, nina saa kumi na nne. Zikiisha, siendeshi tena mpaka nipumzike saa kumi mfululizo. Kusimama kula hakusimamishi saa.

Nikamwuliza: na kusimama kwa shemeji? Hakuelewa swali.

Nimeipa jina Shemasi. Kama yule wa kanisani kwetu: hacheki, na anajua nani alichelewa.

Alhamisi, 30 Novemba

Silali vizuri. Nimezunguka meza ya jikoni mpaka Neema akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nimemwambia ndiyo, nimempoteza dada yako.

Maana tatizo ni Mama Baraka, dada mkubwa wa mke wangu. Anakaa Reynoldsburg. Kupita mji wa shemeji bila kuingia kwake ni tusi. Kuingia bila kula ni tusi lenye watoto. Na kwake hukuti chakula kimeiva. Kuku anaanza kukatwa ukishaketi, ili uone kwamba ni wako. Baada ya kuku, habari za wagonjwa. Baada ya wagonjwa, maombi. Wagonjwa ni wengi, na maombi yanawataja wote.

Zamani kalamu ilikuwa na huruma. Niliandika kwamba siku yangu ilianza pale nilipoaga kwake. Shemasi hana huruma. Anaona gari limesimama, haoni kuku.

Jumamosi, 2 Desemba. Cheektowaga

Safari ya kwanza na Shemasi. Ya majaribio. Nilimpigia Mama Baraka jana: asipike, nitapita tu. Alisema sawa. Nilipaswa kuiogopa ile sawa.

Nikiwa nashusha magunia duka la Reynoldsburg, nikamwona anakuja, kitenge juu ya koti la baridi.

"Shemeji, nilikukosea nini?"

Nikamweleza. Sheria. Injini. Saa. Akaikagua mashine kama mtu anayetazama mke mwenza, Kifaransa kikamtoka.

"Bon. Donc sasa umeoa hii."

Wateja walicheka. Mimi pia nilicheka. Nilifika Buffalo mapema, na njaa, na aibu.

Jumamosi, 9 Desemba. Cheektowaga

Nimepita tena bila kuingia. Hakuja dukani. Hakutuma hata salamu. Afadhali matusi.

Jumanne, 12 Desemba. Louisville

Neema anaulizwa na ndugu zake kama mume wake amepata fedha nyingi siku hizi, maana kiburi hakiji bure. Amenitetea. Kisha ameniletea sahani yangu bila kuitazama sura yangu.

Josué naye kapiga simu. "Kaka, Noeli haingoji. Batu bananiuliza samaki kila siku. Kama tarehe 23 lori haifike, mimi ntaita ile kampani kubwa, na haitakuwa ya siku moja." Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonitisha.

Duka lake ni nusu ya kazi yangu. Likiondoka, lori linauzwa. Dereva sijui atauzwa wapi, katika umri huu na tumbo hili.

Jumatatu, 18 Desemba

Sheria imeanza. Jua limechomoza kama kawaida.

Nimeikalia redio ya lori asubuhi nzima nikitafuta mtu wa kusema imeahirishwa. Hakuna.

Ijumaa, 22 Desemba

Mama Baraka amempigia Neema. Hakunitaja jina. Alisema tu kwamba kesho anachinja, na asiyekuja asije hata msibani.

Hiyo siwezi. Nitaingia. Nitakula mbiombio, nitaomba kwa ufupi, nitatoka. Neema amecheka mpaka akakaa chini. "Uombe kwa ufupi, pale?"

Kupakia kumeniweka ghalani mpaka usiku. Nalala na viatu.

Jumamosi, 23 Desemba. Maegesho ya barabara kuu

Sijafika. Niko upande huu wa mpaka wa New York, theluji inaanguka kwa wingi. Nilikula. Ugali kama mto wa kulalia, na yeye amesimama nyuma yangu anaongeza. Sikuwahi kuona mtu anasamehe kwa kijiko.

Nimempigia Josué. Nimemwambia sheria imenisimamisha, saa zimeisha. Akauliza: "Uko wapi haswa?" Nikamtajia maegesho, akakata.

Nimejua basi. Imekwisha.

Baadaye: wamekuja. Josué na gari mbili za kanisa, viti vimetolewa. Wamehamisha samaki na unga kwenye theluji huku wakiimba. Watu waliokuwa wanaenda msalani wamesimama kutazama. Josué amenipiga begani: "Weye ni mtu wa sheria, kaka. Ile kampani ingenidanganya."

Nikabeba gunia jingine.

Jumapili, 24 Desemba. Cheektowaga

Nimefika asubuhi. Josué ameshuhudia ibadani. Amesema kuna ndugu ambaye mlango ulikuwa karibu, sheria ikasema simama, akasimama. Wamepiga makofi. Nimelazimika kusimama na kupunga mkono. Mchungaji amenitumia kama mfano wa utii, mara tatu. Kazi ya duka ni yangu mwaka mwingine.

Chakula kimenishinda.

Jumanne, 26 Desemba. Louisville

Nyumbani. Watoto wako kwenye televisheni, Neema anapanga vyombo. Niandike ilivyokuwa.

Saa zilikuwa hazijaisha. Nilitoka kwa Mama Baraka mapema kuliko siku zote. Alikuwa na wageni wengine, akaniombea nikiwa mlangoni. Shemasi alikuwa ananipa muda wa kufika Cheektowaga na wa kushusha. Sheria haikunisimamisha.

Nililala. Kwenye usukani, macho nadhani yakiwa wazi. Tumbo limejaa, gari lina joto, theluji inakuja moja kwa moja kwenye kioo. Yale matuta madogo ya ukingoni mwa barabara yaliunguruma chini ya matairi, nikaamka. Gari dogo lilikuwa ubavuni mwangu, karibu kiasi cha kuona taa ya ndani ikiwaka na mwanamke akisoma kitu. Hakuinua kichwa. Hajui.

Niliingia maegesho ya kwanza. Nikazima injini. Nilimwambia Josué saa zimeisha kwa sababu sikuweza kumwambia lile lingine.

Na haikuwa mara ya kwanza kusinzia baada ya ule ugali. Ilikuwa mara ya kwanza kukuta mtu ubavuni.

Nimemwambia Neema sasa hivi, yeye peke yake. Alikuwa ameshika sufuria. Aliiweka chini taratibu. Hakunigombeza, na nilikuwa nimejiandaa kugombezwa.

Akachukua simu, akampigia dada yake. Alisema kuanzia wiki ijayo nitakuwa natoka Ijumaa.

"Andaa kitanda," akamwambia.

Hakueleza sababu. Dada yake hakuuliza.