Mwaka wa Léonie

Peyrombre, Médoc, Ufaransa
Machi

Mama mpenzi,

Mjukuu wako Léonie amenipokonya kizibo cha chupa sasa hivi, akakitia mdomoni, akakunja uso kama hakimu, kisha akacheka mpaka kikamdondoka. Nikaona nikuandikie kabla sijasahau. Shikamoo, Mama. Goti linaendeleaje na baridi hii? Sisi wazima. Bastien wangu anarudi kutoka ghalani akinukia mbao na zabibu, nami simfukuzi.

Wiki hii wanasafisha mvinyo wa mwaka juzi kwa ute wa mayai, na viini vyote vinaletwa jikoni kwangu. Tumekula keki hadi Bastien akauliza kama nimeolewa na yeye au na kuku.

Lakini leo hakuna anayetania. Wamejifungia ghalani tangu asubuhi, wanaonja mvinyo wa mwaka jana, mwaka aliozaliwa Léonie, waamue kama unastahili jina la kasri hili, Peyrombre. Usipostahili, utauzwa kwa mapipa, bila jina. Na hapa mtoto wa kila mfanyakazi hutengewa chupa za mwaka wake, zije kufunguliwa siku ya harusi yake. Mwaka ukikubaliwa, mtoto huitwa ghalani, akapakwa tone la kwanza kwenye paji la uso. Ukikataliwa, mlango hufungwa kimya, watu wakaenda kula.

Nilimwomba Madame Hermance, mwenye kasri, atuhurumie, maana jalidi ya Aprili iliyopita, ile baridi ya kugandisha, ilichoma nusu ya machipukizi ya mizabibu. Alinishika mkono akanishusha kwenye chumba cha chini ya ghala, ambako kila mwaka una rafu yake, tangu kabla ya babu wa babu yake. Vumbi limelala juu ya chupa kama blanketi. Nikajikuta nanong'ona kama niko kanisani. Katikati kuna rafu moja tupu, imefagiwa safi. Akasema huo ndio mwaka aliozaliwa yeye. Baba yake aliuonja, akaukataa, kisha akaenda kumbusu bintiye kitandani. Mvinyo hauna shangazi, mwanangu, akaniambia. Nyumba isiyojidanganya hata kwa damu yake!

Sasa nikwambie nililokuficha usije ukatetemeka. Léonie hakuzaliwa hospitali. Uchungu ulinishika katikati ya mavuno, gari likachelewa, nikajifungua ghalani, zabibu zikiumuka pembeni yangu. Aliyempokea ni Madame mwenyewe, mikono bado myekundu kwa zabibu. Ndiye huyo anayeonja leo, na najua hatatupendelea. Ndiyo maana nalitamani sana jina hilo: akilitoa, litakuwa la kweli.

Mlango wa ghala umefunguka. Nasikia viatu vya Bastien uani, anakimbia, yeye asiyekimbia hata mvua. Anapiga kelele, Solène, we Solène, acha hiyo kalamu, mlete mtoto! Mama, ngoja nimvishe kofia uliyomfumia, ile ya—