Niliikaribisha Theluji

Jumapili, mjini Richardson

Bado naukasirikia mdomo wangu. Nani humkaribisha mtu asiyemwona?

Jana kule milimani Colorado kiongozi wetu wa safari alichimba shimo kwenye theluji akatuonyesha: juu theluji ngumu kama ubao, chini yake chembe legelege kama sukari. "Hii ya chini ndiyo inayoua," alisema. Tukaendelea kupanda, mimi na wenzangu wawili wa ofisini, tumeachiana nafasi kama alivyotuagiza.

Tulipofika mahali tambarare, theluji ikagonga. Mara moja tu, kwa sauti nzito, kutoka chini ya miguu yangu. Nikaitika bila kufikiri: "Karibu!"

Wenzangu walicheka. Kiongozi hakucheka. Alisema tabaka la chini limevunjika, turudi polepole tukikanyaga nyayo zetu zilezile. Hatukufika mbali. Mteremko tuliotaka kuuvuka ukaporomoka wote nyuma yetu. Halafu kimya.

Leo, tangu nishuke kwenye ndege, nakanyaga sakafu ya nyumba yangu kama ya kuazima.

Jioni mlango umegongwa. "Hodi!" Sauti ya Mama Neema, jirani yetu, naijua vizuri. Mdomo uliokuwa mwepesi jana ukakataa. Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Nilikuwa kwenye kochi, miguu nimeinyanyua kutoka sakafuni. Baada ya hodi hiyo ya tatu akaondoka, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

Nimefungua mlango sasa hivi. Bakuli la pilau liko kizingitini, limeshapoa. Nimeinama nikalivuta ndani bila kukanyaga nje.