Udongo wa Kwanza Niliutupa Mimi

Kijiji cha Ujamaa Itiryo,
S.L.P. Tarime.
8 Agosti, 1976.

Mpendwa dada Boke,

Shikamoo dada. Habari za huko Mwanza? Shemeji na kazi yake ya kiwandani, na watoto hawajambo? Na ule mguu wako unaendeleaje? Sisi tu wazima. Ulezi tumevuna, ila duka la kijiji halina chumvi mwezi wa pili huu, tunagawana kwa kubembelezana.

Usishangae mwandiko kupanda na kushuka. Ni mkono wangu mwenyewe! Miaka miwili nimekaa kwenye kisomo cha watu wazima kwa mwalimu Mwikwabe, watu wakinicheka. Nilikuwa na sababu. Zamani barua zangu aliniandikia Mokami, binti wa mdogo wetu Waisiko, na hili la leo nisingeweza kulipitisha kwake.

Dada, ile telegramu ya msiba wa mama sikuipeleka.

Posta ya Tarime nilifika, kwa miguu, mpaka dirishani. Karani akauliza inakwenda kwa nani. Nikashindwa kutaja jina lako. Miezi minane nilikuwa namgeuza mama kitandani, namlisha uji, namfulia, na kila alipofumbua macho aliuliza, Boke amefika? Hata siku moja hakuita Robi, maana Robi yupo. Nikarudi nyumbani nikasema imekwenda. Ni wivu, dada. Sina jina jingine la kuupa.

Walikungoja siku mbili. Unajua kwetu mtoto wa kwanza ndiye hutangulia kutupa udongo kaburini. Wazee walipochoka wakaniambia nitupe mimi kwa niaba yako. Nikatupa, kwa mkono huu huu unaokuandikia.

Ulipoandika kwamba hukupata habari, Waisiko alisema unaisingizia posta, na tangu hapo hataki jina lako litajwe kwake. Mimi nikanyamaza, nikaendelea kula chakula chake. Sasa Mokami anaolewa, ng'ombe wanaingia mwezi wa kumi, na Waisiko ameapa kwamba mama mkubwa aliyemtupa marehemu hatakanyaga hapo. Looo! Nikaona nitakufa na dhambi hii kooni.

Nilipofika hapa jana niliweka kalamu, nikaenda kumsomea Waisiko yote hayo ya juu. Nilisoma polepole, nikikwama kwenye maneno marefu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akainuka, akaenda zake zizini. Leo asubuhi tumekutana kisimani, hakunisalimia. Kile kimya alichokufanyia wewe sasa ni changu, nami silalamiki.

Ila mchana amemtuma Mokami niongeze neno lake, nami naliandika kama lilivyo: "Dada njoo. Kaburi la mama bado linangoja udongo wako."

Liko kule mahameni, na tangu tuhamishiwe kijijini majani yamelimeza. Nimeanza kufyeka njia.

Msalimie shemeji Heche na wanao. Kaka Kornelio anakusalimu, yeye bado hajui, nitamwambia mwenyewe. Mungu akulinde njiani, hata kama moyo wako kwangu umefungika.

Siku hiyo utatangulia wewe. Mimi nitasimama nyuma ya watu wote.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na niliyekukosea,

Robi